Wild Bill Hickok: Jamaa aliyepakia bastola zake upya kila asubuhi

Wewe ukiamka asubuhi, kitu cha kwanza unachoshika ni simu. Unaangalia chaji. Ikiwa imebaki asilimia 12 na una safari ndefu ya Thika Road, unajua siku imeharibika kabla haijaanza.

Sasa hebu fikiria mtu ambaye si mawasiliano yake bali uhai wake ulitegemea kitu alichobeba kiunoni, na kitu chenyewe kilikuwa na tabia ya kugoma bila kutoa notisi. Mtu huyo ni James Butler Hickok, yule ambaye dunia inamjua kwa jina la Wild Bill. Bila shaka umewahi kukutana naye, au na mtu aliyeigwa kutoka kwake, kwenye zile filamu za makaboi: nywele ndefu hadi mabegani, masharubu yanayoning'inia, kofia pana na bastola mbili kiunoni.

Filamu hukuonyesha akichomoa na kufyatua. Hazikuonyeshi kazi aliyoifanya kabla ya kutoka nyumbani. Na wacha nikuambie, ukitaka kumwelewa Hickok, anzia hapo.

Mtoto wa shamba la Illinois

Hickok alizaliwa Mei 27, 1837 katika kijiji cha Homer, jimbo la Illinois. Siku hizi kijiji hicho kinaitwa Troy Grove. Babake, William Alonzo Hickok, alikuwa mkulima aliyechukia utumwa, na inasimuliwa kuwa familia hiyo ilikuwa ikiwaficha watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini wakielekea kaskazini kutafuta uhuru. Kwa hiyo kijana huyu alikua akijua kwamba usiku mtu anaweza kubisha mlango, na si kila anayebisha ana nia njema.

Babake alifariki mwaka 1852, James akiwa bado mvulana. Miaka michache baadaye akafunga safari kwenda Kansas, eneo lililokuwa likiwaka moto kwa vita kati ya waliotaka utumwa na waliopinga. Mwaka 1858, akiwa na miaka 20 tu, alichaguliwa kuwa konstebo wa kitongoji cha Monticello. Baadaye akafanya kazi na kampuni za usafirishaji, akiendesha magari ya kukokotwa na farasi na kutunza wanyama.

Yaani, kwa ufupi, alikuwa kijana wa kawaida anayehangaika. Leo labda angekuwa dereva wa lori la masafa marefu kwenda Malaba.

Bastola yenyewe ilikuwaje?

Kabla hatujaendelea, tuongee kuhusu silaha iliyompa jina, maana bila hiyo hadithi haisimami.

Mwaka 1836 Samuel Colt, mzaliwa wa Hartford, Connecticut, alipata hataza ya bastola yenye silinda inayozunguka. Kabla ya hapo, bastola nyingi zilikuwa za risasi moja, ukikosa, umekwisha. Colt alikupa mara tano, na baadaye mara sita. Toleo lililopendwa na Hickok liliitwa Colt Navy la 1851. Lilikuwa na mtutu wa sentimita 19 hivi, uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, na vyumba sita kwenye silinda. Kiwanda cha Hartford kilitengeneza zaidi ya 200,000 za aina hiyo kabla ya kuziacha mwaka 1873.

Lakini usifikirie risasi kama unazozijua leo, zile zilizofungwa ndani ya ganda la shaba. Hapana. Hii ilikuwa bastola ya fataki. Ili kuipakia, unamimina baruti nyeusi katika kila chumba cha silinda, unaweka goroli ya madini ya risasi juu yake, kisha unaishindilia kwa mkono wa chuma ulio chini ya mtutu. Ukimaliza vyumba vya mbele, unageukia nyuma. Kila chumba kina kichuchu kidogo cha chuma chenye tundu. Juu ya kila kichuchu unavisha fataki, kikofia kidogo cha shaba kilichopakwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Nyundo ikishuka inagonga fataki, cheche inapita kwenye tundu, baruti inawaka, goroli inatoka.

Hesabu mwenyewe ni mambo mangapi yanayoweza kuharibika hapo. Baruti ikinyonya unyevu, haiwaki vizuri. Tundu la kichuchu likiziba kwa mafuta au masizi, cheche haipiti. Fataki ikiwa imelegea inaanguka, na chumba hicho kinakuwa bure. Fataki iliyokwisha kulipuka hupasuka vipande, na kipande kimoja kikidondokea kwenye mashine ya ndani, silinda inakwama. Baruti nyeusi yenyewe huacha uchafu mwingi, kwa hiyo baada ya kufyatua mara kadhaa silinda huanza kuwa nzito kuzunguka. Tena kuna balaa moja kubwa zaidi: moto wa chumba kimoja unaweza kurukia vyumba vya jirani, risasi zikalipuka kwa pamoja mkononi mwako.

Na ukimaliza zile sita, pole. Kupakia upya kulichukua dakika nzima na zaidi, na adui hakusubiri. Ndiyo maana Hickok alibeba mbili.

Jina linakuzwa na gazeti

Tukio la kwanza lililomtia Hickok kwenye midomo ya watu lilitokea Julai 12, 1861 katika kituo cha Rock Creek, Nebraska. Mtu aliyeitwa David McCanles alifika kudai pesa alizokuwa akiidai kampuni iliyomwajiri Hickok. Maneno yakawa mengi. Mwishowe McCanles na wenzake wawili walikuwa wamekufa. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa McCanles alipigwa kwa bunduki ndefu na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba, na kwamba mtu huyo alikuwa Hickok. Mahakama iliamua kwamba waliokuwa kituoni walikuwa wakijitetea.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, Hickok alikuwa upande wa serikali ya Muungano. Alisimamia misafara ya magari ya mizigo, akawa mpelelezi na mtangulizi wa njia huko Missouri. Hapo ndipo jina la Wild Bill lilipomganda.

Vita vilipokwisha, alikuwa Springfield, Missouri, akicheza karata kama wanajeshi wengine wasio na kazi. Kijana aitwaye Davis Tutt alichukua saa yake ya mfukoni kama dhamana ya deni la kamari. Hickok alisema kiasi cha deni si hicho. Pia alimwonya Tutt asithubutu kuivaa saa hiyo hadharani. Tutt akaivaa. Julai 21, 1865, saa kumi na mbili jioni, wawili hao walikutana kwenye uwanja wa mji. Kati yao kulikuwa na umbali wa karibu mita 70. Wote walifyatua karibu kwa wakati mmoja. Tutt alikosa. Hickok hakukosa.

Simama kidogo hapo. Mita 70 kwa bastola ya mkono ni mbali; chukua upana wa uwanja wa kandanda, mstari mmoja hadi wa pili, na bado haujafika. Mahakama ilimwachilia Hickok mwezi uliofuata, lakini Tutt alikuwa amezikwa kwa sababu ya saa na deni la karata. Vijana wawili waliowahi kuwa marafiki.

Februari 1867, jarida la Harper's lilichapisha makala ya George Ward Nichols kuhusu Wild Bill. Mwandishi alipiga chumvi hadi chakula hakiliki. Watu watatu wa Rock Creek wakageuka kumi, na Hickok akawaua karibu peke yake. Wasomaji wa New York na Boston wakaimeza nzima. Siku hizi tungesema jamaa ali-trend.

Kumbe kuvuma huko ndiko kulikomletea shida. Baada ya makala hiyo, kila kijana mlevi mwenye bastola alijua kwamba akimwangusha Wild Bill, yeye ndiye atakayeandikwa. Hickok hakuweza tena kutembea mtaani kama mtu mwingine yeyote. Silaha haikuwa tena kitu cha kubeba siku ya vita; ikawa kitu cha kila siku, kuanzia kifungua kinywa hadi kitandani.

Siku fataki ilipomwokoa

Mwaka 1869 alichaguliwa kusimamia sheria katika kaunti ya Ellis, makao yake yakiwa Hays, Kansas. Katika miezi michache aliwaua watu wawili kazini, Bill Mulvey na Samuel Strawhun. Novemba mwaka huo wapiga kura wakampa kazi hiyo naibu wake.

Lakini tukio ninalotaka ulishike vizuri ni la Julai 1870, katika baa moja mjini humo humo. Askari wawili wa kikosi cha 7 cha wapanda farasi, Jeremiah Lonergan na John Kile, walimvamia. Lonergan alimkamata kwa nyuma akamwangusha chini. Inasimuliwa kwamba Kile alichomoa bastola yake, akaweka mdomo wa mtutu kwenye sikio la Hickok, akafyatua.

Bastola haikulia.

Nyundo ilishuka na hakuna kilichofuata. Katika sekunde hiyo moja Hickok aliupata mkono wake, akachomoa ya kwake, na ya kwake ikalia. Kile alikufa, Lonergan akajeruhiwa gotini. Hickok akaruka dirishani na kuukimbia mji kabla wanajeshi wengine hawajafika.

Fikiria alilala vipi usiku huo. Alikuwa hai kwa sababu ya kasoro ndogo katika bastola ya mtu mwingine. Na bastola hiyo ilifanya kazi kwa mtindo ule ule wa zake.

Kazi ya asubuhi

Aprili 15, 1871 Hickok aliajiriwa kuwa mkuu wa polisi wa mji wa Abilene, Kansas. Mshahara ulikuwa dola 150 kwa mwezi. Abilene ulikuwa mji ambao wachunga ng'ombe wa Texas walifikisha maelfu ya mifugo ili ipakiwe kwenye treni. Wakilipwa, waliingia baa na pesa zao, kiu yao na bastola zao. Mkuu wa polisi aliyemtangulia, Tom Smith, mtu aliyejulikana kwa kutumia ngumi badala ya risasi, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia.

Jamaa mmoja aliyeishi karibu na Hickok huko Abilene alikumbuka, miaka mingi baadaye, jambo alilokuwa akilishangaa. Kila asubuhi Hickok alizifyatua bastola zake zote mbili hadi zikaisha, hata kama hakuwa amezitumia jana. Kisha alizisafisha na kuzipakia upya mwenyewe kwa utulivu mkubwa: akapima baruti, akakagua kila goroli, akapitisha pini kwenye tundu la kila kichuchu, akazitazama fataki moja moja kabla ya kuzivisha. Jamaa huyo alipomuuliza sababu, alielezwa kwamba mzigo wa jana haumpi mtu uhakika wa leo, na yeye hakuwa tayari kufa bado.

Sasa, je, ilikuwa lazima? Ukweli ni kwamba bastola ya fataki iliyopakiwa vizuri na kuzibwa kwa nta au grisi inaweza kukaa siku nyingi na bado ikawaka. Tatizo ni hilo neno vizuri. Hickok alizibeba mwilini, kwenye jasho la Kansas ya Julai, mvua, vumbi na mtikisiko wa farasi. Hakuna taa ya kukuonyesha kwamba baruti imelowa. Hakuna asilimia 12. Njia pekee ya kujua ni kufyatua, na ukijua wakati mtu amekuelekezea mtutu, umejua kwa kuchelewa.

Kwa hiyo alichagua kujua mapema. Watu waliimba sifa za mkono wake mwepesi, lakini mkono mwepesi unafanya nini na fataki iliyoanguka?

Nakala za leo

Labda unasema, sawa bana, hayo ni ya miaka 150 iliyopita. Hapana, subiri. Bastola hizi bado zinatengenezwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mafundi wa Italia, hasa katika bonde la Gardone Val Trompia karibu na Brescia, wamekuwa wakitoa nakala za Colt Navy na ndugu zake. Kampuni ya Uberti ilianza mwaka 1959, na Pietta ni jina jingine kubwa. Wateja wao wengi ni Wamarekani, wapenzi wa historia, waigizaji na walenga shabaha. Hata zile unazoziona kwenye filamu mara nyingi ni nakala hizo, wala si za Colt mwenyewe.

Huko Marekani sheria ya kitaifa ya mwaka 1968 haizihesabu nakala za namna hii kama bunduki za kawaida, mradi hazitumii risasi za ganda, ingawa majimbo yana sheria zake. Ndiyo maana kuna watu huko wanaojiuliza: kwa nini nisibebe hii kila siku kujilinda, kama Wild Bill?

Jibu la mafundi wanaozijua halifurahishi. Chuma cha leo ni bora kuliko cha 1851, hilo ni kweli. Lakini muundo ni ule ule, na magonjwa ni yale yale. Mara nyingi vichuchu vinavyokuja na nakala havilingani sawasawa na fataki za dukani. Fataki ikiwa kubwa inaanguka. Ikiwa ndogo haikai hadi mwisho, kwa hiyo nyundo ya kwanza inaisukuma tu na ni ya pili inayoiwasha. Vipande vya fataki bado vinadondoka ndani na kukwamisha silinda. Springi na skrubu nyingine zinahitaji kubadilishwa au kunolewa na fundi kabla bastola haijaaminika. Wengi huacha chumba kimoja kitupu ili nyundo ilale mahali pasipo na fataki, maana ikigongwa kwa bahati mbaya italia. Kwa hiyo sita zinakuwa tano.

Mwenye subira, anayeirekebisha, kuijaribu na kuisafisha kwa maji ya moto kila baada ya kuitumia, anaweza kuifanya iwe ya kuaminika kiasi cha kushangaza. Anayeinunua leo, akaipakia Jumapili na kuisahau kiunoni mwezi mzima, amebeba pambo. Na kwa kuwa unasoma haya ukiwa Kenya, nisikufiche: hapa kwetu bastola bila cheti ni kesi, na hata ya bandia inaweza kukuingiza taabani. Silaha hizi ziache makumbusho na kwenye filamu.

Usiku zilipofanya kazi sawasawa

Sasa tufike kwenye usiku mbaya zaidi katika maisha ya Hickok. Cha kushangaza, usiku huo bastola zake hazikugoma hata kidogo.

Ilikuwa Oktoba 5, 1871. Msimu wa ng'ombe ulikuwa unaisha na makaboi walikuwa wakizunguka mjini wakilewa. Mlio wa bastola ukasikika mbele ya baa. Hickok alitoka na kumkuta Phil Coe, mcheza kamari kutoka Texas ambaye walikuwa hawapatani, bastola ikiwa mkononi. Coe alidai amempiga risasi mbwa. Kisha wakafyatuliana wakiwa karibu sana, hatua chache tu. Risasi za Coe hazikumpata Hickok. Za Hickok zilimpata Coe tumboni, naye akafa siku chache baadaye.

Wakati huo huo, mtu mwingine alitokea mbio kutoka kando, bastola mkononi, akipenya umati. Hickok aligeuka na kufyatua. Bastola ililia, kama ilivyolia kila asubuhi. Mtu huyo alianguka.

Alikuwa Mike Williams, mlinzi na rafiki yake, aliyekuwa akikimbia kuja kumsaidia.

Kila fataki ilikuwa imekaa mahali pake. Baruti ilikuwa kavu. Kazi yote ya asubuhi ilikuwa imefanywa bila kasoro. Kitu ambacho hakuna fundi angeweza kukikagua ni giza, kelele, hofu na sekunde moja ya kuamua. Hickok ndiye aliyelipia mazishi ya Williams. Hakuna kumbukumbu ya kuaminika inayoonyesha kwamba alimuua mtu mwingine kwa bastola baada ya usiku huo. Desemba mwaka huo baraza la mji likamwachisha kazi. Ng'ombe hawakuwa wakija tena Abilene na mji haukumhitaji.

Karata za mwisho

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri. Rafiki yake Buffalo Bill Cody alimwingiza kwenye maonyesho ya jukwaani, lakini Hickok hakuwa mwigizaji na alijua hivyo. Macho yake yakaanza kumsumbua; wengine husema ni glakoma, wengine trakoma. Mpiga shabaha wa mita 70 sasa aliuona mwanga mkali kama adhabu. Teknolojia nayo ilikuwa imempita. Kufikia mwaka 1873 Colt ilikuwa imeleta bastola ya risasi za ganda, inayopakiwa upesi na isiyoogopa unyevu kama zile za fataki.

Machi 5, 1876 alimwoa Agnes Lake, mjane aliyekuwa amemiliki sarakasi. Wiki chache baadaye akaelekea Deadwood, eneo la Dakota, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa, akitarajia kupata pesa za kuanzia maisha mapya na mkewe. Badala ya kuchimba, aliishia kwenye meza za poka.

Hickok alikuwa na sheria yake: alikaa mgongo ukielekea ukuta, aone kila anayeingia. Agosti 2, 1876, katika baa ya Nuttal & Mann's, kiti hicho kilikuwa na mtu. Aliomba wabadilishane, mwenzake akakataa kwa utani. Akaomba tena, akakataliwa tena. Akakaa, mlango mmoja ukiwa nyuma yake.

Mtu aitwaye Jack McCall aliingia, akamwendea kwa nyuma na kumpiga risasi kisogoni. Risasi ilitokea shavuni ikamwingia mkononi mchezaji aliyekaa upande wa pili wa meza. Hickok alikuwa na miaka 39. Inasimuliwa kwamba mkononi alikuwa ameshika ree na nane, na hadi leo wacheza poka huziita karata za mfu.

Halafu kuna simulizi moja inayoniacha nikitikisa kichwa kila nikiikumbuka. Inasemekana McCall alipojaribu kuwafyatulia wengine wakati akitoroka, bastola yake iligoma. Risasi zilizobaki hazikufaa kitu. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi McCall aliingia na bastola ambayo hakuwahi kuikagua, akapata risasi moja nzima, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa zamu yake.

Wachimba dhahabu walimfanyia McCall kesi ya haraka wakamwachilia. Lakini Deadwood ulikuwa umejengwa kwenye ardhi ya Walakota kinyume cha mkataba, kwa hiyo mahakama hiyo haikuwa na nguvu kisheria. Akakamatwa tena, akashtakiwa Yankton, na akanyongwa Machi 1, 1877.

Unabaki na nini?

Ukienda Deadwood leo utalikuta kaburi la Hickok katika makaburi ya Mount Moriah, watalii wakipiga picha. Wengi wanarudi nyumbani na nakala ya bastola akilini, wakidhani ndiyo iliyomfanya awe Wild Bill.

Mimi naona vingine. Bastola ile ilikuwa chombo chenye kasoro, na zake ziliaminika kwa sababu kila asubuhi alikubali kwamba ya jana haitoshi. Hilo lichukue, kijana, ulitumie kwa kitu chochote unachokitegemea: breki za bodaboda yako, kebo ya gesi jikoni, nakala ya tasnifu yako kwenye kompyuta. Usingoje siku ya shida ndipo ujue kama inafanya kazi.

Lakini usisahau pia yule aliyekimbia kuja kumsaidia rafiki yake. Chombo kinaweza kukutii kwa asilimia mia na bado kikakuachia kaburi la kulipia. Hickok alijua kukagua fataki sita katika bastola ya kulia na sita katika ya kushoto. Usiku wa Oktoba 5, zile zote kumi na mbili zilikuwa sawa, na Mike Williams hakurudi nyumbani.